Sheria ipo, pengo liko kwa wachochezi
Mwandishi wa makala niliyoisoma kuhusu unyanyasaji mtandaoni anadai kwamba Tanzania hatuna sheria ya kumlinda mwanafunzi anayenyanyaswa mtandaoni, jambo ambalo si sahihi, kwa kuwa kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinampa anayemnyanyasa mwenzake mtandaoni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Pengo ninaloliona, nikiwa mwalimu hapa Tanga, ni kwa anayemchochea mwenzake ajidhuru, kosa ambalo Uingereza ililitaja waziwazi katika sheria yake ya mwaka 2023. Binti wa kidato cha pili alinionyesha, kwenye simu ya mama yake, ujumbe wa kundi la darasa uliomtaka ajiumize, na chini yake alama 11 za kicheko. Wazazi wenzangu, mtoto akisoma maneno hayo usiku peke yake, amwendee nani?