Tusiusingizie ukoo upara unaowasha

Kijana wa miaka 25 anakaa kwenye kiti cha kinyozi, anainamisha kichwa, na mashine inapopita utosini anajikunyata. Nywele za mbele zimepungua, ngozi inamuwasha usiku kucha, na kisogoni kuna vipele ambavyo havijapona tangu aliponyoa mara ya mwisho. Anaulizwa swali moja tu: "Mzee wako ana kipara?" Akijibu ndiyo, kesi imekwisha. Anyoe zote, apakwe spiriti, maisha yaendelee.

Ushauri huo una watetezi wengi na wana hoja. Upara wa kurithi ndio unaowapata wanaume wengi kuliko upara mwingine wowote, na huweza kuanza hata kabla ya miaka 20. Homoni ya DHT, inayotokana na testosteroni, hudhoofisha mizizi ya nywele za paji na utosi kwa wale waliozaliwa na asili hiyo, kila unywele unaoota ukawa mwembamba kuliko uliotangulia. Dawa zipo. Minoksidili, iliyoanza kama dawa ya presha, iliruhusiwa Marekani kutibu upara mwaka 1988, na finasteridi ikafuata mwaka 1997. Lakini hufanya kazi pale tu unapoendelea kuzitumia. Ukiziacha, baada ya miezi kadhaa unarudi ulikokuwa unaelekea. Anayemwambia kijana asiye na kipato cha uhakika kwamba pesa hiyo aifanyie mambo mengine anamwonea huruma, na mimi simbishii. Kipara kilichonyolewa vizuri kinapendeza, tena kinamwondolea mtu mashaka ya kujitazama kwenye kioo kila asubuhi.

Tatizo langu ni lile neno lililopitwa haraka pale kwenye kiti: kuwasha.

Upara wa kurithi huja kimyakimya. Kwa kawaida hauwashi, hauumi ukiguswa, hauoti vipele, hautoi usaha wala kuacha damu kwenye mto. Kichwa kinachofanya hayo kinasema jambo jingine, hata kama baba, babu na wajomba wote wana vipara. Inawezekana kabisa mtu akawa na vyote viwili, upara wa ukoo na juu yake mba unaowasha. Hapo ndipo jibu la "ni ukoo" linapomdhulumu, kwa sababu mba una dawa. Shampuu ya ketokonazoli huutuliza kwa wengi ndani ya wiki chache. Na mba mkali usiosikia dawa, uliosambaa hadi kwenye nyusi na pembeni mwa pua, ni sababu nzuri ya kupima VVU, maana hali hiyo huonekana zaidi kinga ya mwili inaposhuka. Kijana aliyeambiwa anyoe kipara hatajua hilo mapema.

Ila kinachonikereketa zaidi ni vile vipele vya kisogoni. Mwaka 2007 watafiti wa Cape Town walichapisha matokeo ya kuwachunguza vichwa watu wazima zaidi ya 800 wa mtaa wa Langa. Vipele sugu vya kisogoni, vile vinavyogeuka makovu magumu, walivikuta kwa karibu mwanamume mmoja kati ya 10. Kwa wanawake havikufika hata mmoja kati ya 100.

Nimekaa na hesabu hiyo muda mrefu. Hawa ni watu wa mtaa mmoja, wenye nywele za aina moja, wanaume na dada zao. Kama asili ya nywele peke yake ingetosha kueleza, dada wangekuwa na vipele hivyo pia. Homoni za kiume huenda zina mchango, lakini tofauti ambayo mtu yeyote anaweza kuiona kwa macho ni mashine. Wanaume hunyoa hadi kwenye ngozi, tena kila baada ya wiki mbili. Cape Town si Dar es Salaam, na sidai hesabu ya Langa ihamishiwe Manzese ilivyo. Lakini mtindo wa kunyoa ni ule ule, nywele ni zile zile za kujikunja, na kijiwe cha bodaboda chenye vijana 20 kingekuwa na wawili kwa hesabu hiyo. Hao nao wanavaa helmeti kutwa, jua kali, jasho linatiririka, ukingo wa helmeti ukisugua palepale kisogoni.

Jinsi inavyotokea si vigumu kuelewa. Unywele unaojikunja ukikatwa usawa wa ngozi hubaki na ncha kali. Ukiota unapinda na kurudi kuchoma ngozi, au ngozi kuzunguka mzizi inachubuka na kuvimba. Mwili unapambana, kipele kinatoka, mashine inakuja tena kukata ncha ya kipele hicho kabla hakijapona. Sasa rudi kwenye ule ushauri wa huruma wa kunyoa zote. Kwa kijana mwenye upara wa kurithi tu, hauna madhara. Kwa mwenye vipele hivi ni kuchochea moto, naye ndiye anayeupokea kwa shukrani kuliko wote, kwa kuwa yeye ndiye anayeteseka.

Na muda haumsubiri. Uvimbe ukidumu, kitundu cha unywele huziba kwa kovu, na palipoziba kwa kovu unywele hauoti tena, si kwa mafuta ya nazi, si kwa kitunguu, si kwa minoksidili. Dalili zake zinaonekana kwa macho: ngozi inakuwa laini na kung'aa, vitundu havionekani, na pembeni nywele kadhaa zinachomoza pamoja kwenye tundu moja kama nyuzi za brashi. Upo pia ugonjwa mwingine wa vijana wa kiume, hasa weusi wa kati ya miaka 20 na 40, ambao huanza kama majipu laini utosini yanayounganika chini kwa chini na kumaliza nywele vipande vipande. Nao mara nyingi hufichwa kwa kofia hadi umechelewa.

Watetezi wa kunyoa wana hoja moja nzito: daktari wa ngozi yuko wapi? Ni kweli ni wachache na wengi wako miji mikubwa. Lakini si lazima uanze na bingwa. Kituo cha mafunzo ya ngozi cha hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikiwafundisha matabibu tangu mwaka 1992, ili huduma hii isibaki mikononi mwa mabingwa peke yao. Tabibu aliyefunzwa anaweza kutambua mengi kwa kutazama tu, na penye shaka atakwangua magamba kidogo yapelekwe kwenye darubini. Vipele vikikamatwa mapema, antibayotiki na steroidi ya kupaka (dawa ya kutuliza uvimbe) iliyopangiwa muda huvituliza.

Tena si kweli kwamba kijana asiyekwenda hospitali hatumii pesa. Anatumia, kidogo kidogo, kwenye duka la dawa: tyubu ile yenye steroidi, dawa ya fangasi na antibayotiki kwa pamoja. Muwasho unatulia siku tatu, anaacha, unarudi, ananunua nyingine. Kama ni mapunye, steroidi inayaficha yakiendelea chini, na krimu haifiki kwenye mzizi wa unywele, ambako vidonge ndivyo vinavyofika. Mwaka unakatika hivyo.

Kinyozi simlaumu. Yeye ndiye mtu pekee anayekiona kisogo cha kijana huyu kila baada ya wiki mbili, mahali ambapo mwenyewe hawezi kupaona bila vioo viwili. Akiona vipele, avalishe mashine kile kichana cha plastiki ili nywele zibaki na urefu wa milimita tatu au zaidi, asiichokonoe mistari ya kisogoni, kisha badala ya kuuliza habari za mzee amuulize kijana: inakuwasha tangu lini?