Boti mpya au spea za boti kongwe? Hili suala la vifaa vya jeshi tulitazame pande zote

Kila ukifika msimu wa bajeti, ya ulinzi kule Dodoma na ya idara maalum za SMZ hapa Chukwani kwenye Baraza la Wawakilishi, huku mitaani watu wanagawika. Wapo wanaosema vyombo vimechoka, vinunuliwe vipya tumalize mambo, na wapo wanaosema pesa hizo bora zitengeneze vilivyopo mana kila tunaponunua kipya baada ya miaka michache nacho kinalala. Nawasikiliza wote na kila upande una haki yake, lakini naona tunabishana juu ya chombo tu na tunasahau kile kinachokifanya chombo kiende.

Kwanza tuwekane sawa. Ulinzi ni jambo la Muungano na jeshi letu ni JWTZ, lilioundwa 1 Septemba 1964. KMKM, yaani Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo, kwa Katiba ya Zanzibar ya 1984 ni idara maalum ya SMZ, wako pamoja na JKU (Jeshi la Kujenga Uchumi) na Chuo cha Mafunzo, ndo magereza yetu. Ila sisi wa visiwani tukisema ulinzi wa bahari ndo wao tunaowaona kila siku, na maradhi ya boti ya KMKM na ya manuwari ya jeshi la majini kule Kigamboni ni yale yale, chumvi, kutu na spea, kwaivo nitawazungumza pamoja.

Wanaotaka vipya hoja yao si ndogo hata kidogo. Mkondo wa Pemba ni maji makuu, kusi likivuma kule si pahala pa kupeleka chombo ambacho injini yake unaisomea dua. Magendo ya karafuu kutoka Pemba kwenda Kenya yanapita usiku kwa faiba nyepesi zenye mashine kubwa, sasa wewe unamfukuza mtu huyo na boti nzito ya zamani utamuona mgongo tu. Na magendo ni nafuu, kuna kuokoa watu. Usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011 MV Spice Islander ilizama upande wa Nungwi ikielekea Pemba, zaidi ya watu 600 waliokolewa lakini waliokufa na kupotea ni wengi kuliko hao, na haujapita hata mwaka, 18 Julai 2012, MV Skagit nayo ikazama karibu na Chumbe. Katika mambo kama hayo kila dakika ya kuchelewa ni roho za watu, za jamaa zetu. Ongeza na kusini huko, vita vya Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, vilivyoanza 2017, mpaka Oktoba 2020 Kitaya mkoani Mtwara ikavamiwa. Bahari hii si ya kulindwa kwa mazoea.

Halafu kuna hili la ukongwe wenyewe kuwa ni hatari. Baruti ina umri wake, inataka ghala kavu, inataka kukaguliwa na iliyopita muda iharibiwe kitaalamu. Tumeona Mbagala 29 Aprili 2009 na Gongo la Mboto 16 Februari 2011, maghala ya jeshi yanaripuka katikati ya makazi ya watu, roho zimepotea na nyumba zimebomoka. Baada ya hayo sitaki kumsikia mtu akisema cha zamani kikiwepo basi kinatosha, kuwepo na kuwa salama ni mambo mawili.

Lakini hebu tuwatazame wenzetu walivyofanya. Kenya hapo jirani wamejaribu njia zote mbili. Walikuwa na manuwari mbili zilizoundwa Uingereza miaka ya 1980, KNS Nyayo na KNS Umoja, wakazipeleka Italia zikafanyiwa matengenezo makubwa na 2011 zikarudi kazini. Wakati huo huo walikuwa wameagiza meli mpya Spain, KNS Jasiri, mkataba wa 2003, ikaingia kwenye mizozo ya malipo na tuhuma za rushwa mpaka 2012 ndo inafika Mombasa. Yaani wakongwe wawili walienda wakatengenezwa wakarudi kabla ya mpya kutia nanga. Sisemi kila mkataba wa kununua utakuwa hivo, ila anaesema kununua ndo njia ya mkato akumbuke miaka tisa ile.

New Zealand nao, nchi tajiri lakini jeshi lake dogo, ndege zao za mizigo aina ya Hercules walianza kuzipokea 1965 na wamezistaafisha mwanzoni mwa 2025. Miaka sitini karibu! Hapo si bahati, wamebadilisha mabawa, wameweka nyaya mpya na vyombo vipya vya rubani, na mafundi wanarithishana kazi. Na nchi hiyo hiyo 2018 wakanunua meli iliyokwisha kutumika, wakaiita HMNZS Manawanui, Oktoba 2024 ikapanda mwamba Samoa ikazama. Watu wote 75 waliokolewa alhamdulillahi. Uchunguzi ukakuta ilikuwa inaenda kwa usukani wa otomatiki na waliokuwa zamu hawakujua kuwa haujazimwa, na mafunzo ya kuendesha meli ile hayakuwa ya kutosha. Meli ilikuwa nzima, kilichopunguka ni watu kuijua.

Afrika Kusini ndo wananiuma zaidi. Walinunua ndege za kivita za Gripen 26, mpya kabisa, halafu mkataba wa matengenezo ukaisha na pesa ya kuufanya upya haikuwepo, ndege zikakaa chini tangu 2021 mpaka mkataba mwengine uliposainiwa Septemba 2022. Hazikupigwa na adui yoyote, ni karatasi tu. Na Ireland walinunua boti mbili za doria za New Zealand hizo hizo, zikafika 2023 zikafungwa gatini muda mrefu kwa kuwa mabaharia hawatoshi.

Sasa turudi kwetu. Chombo cha baharini hakiuliwi na mapigano, kinauliwa na kulala. Mashine ya boti ikitoka maji chumvi inataka kusukutuliwa kwa maji baridi siku ile ile, zile zinki za chini zinazoliwa na kutu kwa niaba ya chuma zibadilishwe kabla hazijaisha, impela, ile panga ya mpira inayosukuma maji ndani ya pampu, ibadilishwe kwa ratiba siyo mpaka mashine ichemke katikati ya safari. Vitu hivi ni bei ndogo sana ukilinganisha na boti, lakini ndo vinavyokatwa mwanzo bajeti ikibanwa, mana hakuna kiongozi anaekata utepe kwenye katoni la impela. Boti mpya ina picha, ina gwaride, 2015 ziliponunuliwa manuwari za JWTZ, Mwitongo na Msoga, kutoka China rais mwenyewe alizizindua, na ni haki yake. Ila mwaka wa nane wa chombo hauna sherehe, na hapo ndo pa kupambana.

Kwaivo mimi nipo upande wa matengenezo kwanza, lakini kwa masharti. Injini ambayo kiwanda kimeacha kutoa spea zake itoke, tusiibembeleze, mana fundi anaechonga spea kwa mkono kila mwezi anatupotezea pesa na siku ya hatari itamsaliti. Bodi likiwa zima, libakie, tubadilishe mashine na zaidi tubadilishe macho yake, rada, redio, vifaa vya kuona usiku, droni ya kuruka mbele ya boti. Naamini boti ya zamani yenye rada mpya inakamata magendo mengi kuliko boti mpya inayozurura gizani. Na tukinunua, tuchague aina moja ya injini kwa vyombo vyote, tuache kupokea kila msaada na mashine yake, mana msaada wa boti bila spea na mafunzo ni mzigo, hata ukitoka kwa rafiki wa kweli. Wanaonipinga watasema jeshi halichagui msaada, nawaelewa, nchi ndogo haina nguvu hiyo kila mara, lakini kuomba kontena la spea badala ya boti ya tatu si jeuri.

Na pesa ya spea ya miaka kumi iandikwe ndani ya mkataba ule ule wa kununua, isiachiwe bajeti ya kila mwaka. Wawakilishi wetu waulize hilo, siyo boti ngapi zimenunuliwa, waulize ngapi zinaweza kuondoka leo usiku. Siri za ulinzi zina mipaka yake, sawa, wanaweza kujibiwa kwenye kamati, ila wajibiwe.

La mwisho ni mafundi. Vijana wetu wa Taasisi ya Karume ya Sayansi na Teknolojia pale Mbweni wakisomeshwa mashine za baharini na umeme wa vyombo kwa makubaliano na vikosi, wakapewa daraja na mshahara wa kuwafanya wasikimbilie kwenye boti za mahoteli, tutakuwa tumefanya kubwa kuliko kununua. Na Pemba iwe na chelezo na karakana yake kamili, Wete au Mkoani, mana chombo kikikorofisha kule huku kusi limechacha, kukivuta mpaka Unguja ni hatari nyengine.