Sisi Iko Tupu

Asubuhi hii nimesomewa mashitaka kwa lugha ambayo hata mahakama ingeniwekea mkalimani. Yaliandikwa hivi, kwenye kundi la mchezo wa simu, mbele ya watu zaidi ya arobaini: "Mzee TH9 rushed, CC tupu, AFK war. Kick." Katika mstari mzima maneno ya mama yangu ni mawili tu, "mzee" na "tupu", na yote mawili sikuyapenda.

Mjue kwanza mnaongea na nani. Mimi ni katibu wa kamati ya maafa mtaani kwetu. Daftari la rambirambi liko kwangu, mhuri uko kwangu. Na vifupisho mimi si mgeni navyo, maana mtu mwenye NIDA, TIN na NSSF katika pochi moja huwezi kumtisha kwa herufi mbili. Tofauti ni kwamba vile vyetu vya watu wazima ukiuliza unaonyeshwa dirisha, unakwenda, unapanga foleni kwa heshima zako. Hivi vya watoto ukiuliza unaitwa nubu. Halafu kuna nyubi na kuna nubu: nyubi ni mgeni anayejifunza, nubu ni mgeni aliyegoma kujifunza. Mimi sijaambiwa niko kundi gani. Nimeona tu vikaragosi vinavyocheka hadi machozi.

Aliyenitia humo ni mpwa wangu. "Mjomba, weka Clash of Clans, tunapungukiwa mtu mmoja." Kule vita vina namba zake, kumi, kumi na tano, ishirini, na waliojitokeza kupigana walikuwa kumi na wanne. Hakuna aliyeniuliza kama najua kupigana. Nilitakiwa kama anavyotakiwa mtu wa nne kwenye karata, awepo tu, ashike majani yake. Mchezo wenyewe ni wa Wafini, kampuni ya Supercell ya Helsinki, ulitoka 2012 kwa wenye simu za Apple, na mwaka uliofuata ukaja kwenye simu zetu hizi za Android. Kwa hiyo watoto hawa wamekua nao. Wameijua TH kabla ya kujua kuosha sahani.

TH ni jumba kuu la mji wako, na namba inayofuata ni ngazi yake. "Rushed" ni kwamba umelipandisha jumba mbio mbio, mizinga na kuta zimebaki za enzi za babu. Hilo nalikubali lina mantiki. Jirani yangu ana ghorofa na hajachimba choo, lakini sijaona mtu akimfukuza mtaani.

Sasa sikilizeni jinsi nilivyozijua herufi hizi, maana mpwa wangu alipoulizwa alisema "mjomba utazoea".

Jana jioni nilikwenda kunyoa, kwa sababu leo saa kumi nina kikao cha harusi na mimi ndiye nasoma taarifa ya michango. Kinyozi wetu ni kijana mwenye adabu, shikamoo yake unaipokea ukiwa bado barabarani. Akanifunga kitambaa shingoni, akawasha mashine, akaanza upande wa kushoto. Simu yake kaisimamisha chini ya kioo, imeegemea chupa ya spiriti. Mashine ikipita mara mbili, anachungulia.

"Kijana, unasubiri mchumba?"

"Hapana mzee wangu, leo ni siku ya vita."

Kwenye benchi nyuma kulikuwa na vijana kama watano, wote vichwa chini, vidole vinakwenda. Nikajua nimeingia kambini. Mimi nikajifanya msafiri tu. "Kuna mpwa wangu naye anacheza huo mchezo," nikasema. "Hivi sisi ni nini?"

"Sisi akina nani, mzee?"

"Siyo sisi hawa. Sisi ya vitani."

"Aaah, sisi! Ile herufi C mbili. Ni ngome ya klani, yaani ya kundi lenu, wenzako wanakuwekea askari wao humo, adui akija anawakuta. Ukiomba wanakujazia."

Kijana mmoja wa benchi, kavaa kanzu na kofia, ametoka madrasa, akadakia bila kuinua uso: "Halafu namba kumi na tano sisi yake iko tupu."

"Ya nani?"

"Ya yule mzee."

"Yule mzee nani alimleta lakini?" Hapo kinyozi alikuwa ameshazima mashine na kushika wembe, ananichonga ndevu chini ya kidevu. "Mtu TH9, ukuta ngazi ya watoto, sisi tupu, hajapiga hata shambulizi moja na kila mtu ana mawili. Mimi ni naibu kiongozi, mzee wangu, nakwambia watu wa hivyo wanatia hasira. Au siyo?"

Wembe uko kooni. Nikasema ni kweli kabisa, wazee wa namna hiyo wanaudhi sana.

"Na mira yake bado nzima," yule wa kanzu akaendelea. Mira ni mwenzako wa namba ile ile upande wa adui. Heshima ya vita ni kila mtu apige wake. Mimi nikainua macho kwenye kioo, na kwenye kioo alikuwepo namba kumi na tano mwenyewe, kanyolewa upande mmoja.

Ghafla mtu akapiga kelele: "DC! DC!"

Nikasimama. Mtu mwenye mhuri akisikia DC kaingia mtaani hakai kitini. Nikasimama na kitambaa changu shingoni, kichwa nusu, mkono nimeunyoosha kuelekea mlangoni kumpokea Mkuu wa Wilaya. Akaingia mbuzi. Kumbe DC kwao ni mtandao kukatika, umetupwa nje ya mchezo katikati ya shambulizi. Wakaniangalia, nikajifanya nanyoosha mgongo.

"Mzee wangu, samahani," kinyozi akasema, na sauti imekuwa ya kinyenyekevu kabisa, "una bando? Niwashie hotspoti dakika tatu tu. Shambulizi moja ni dakika tatu, halizidi."

Mimi ni mtu wa maafa, siwezi kukataa kuombwa. Nikawasha. Sijui nani alitaja nywila kwa sauti, ila nilipoangalia simu yangu saluni nzima ilikuwa inanyonya, na nadhani hata muuza chipsi wa nje. Kinyozi akaweka mashine mezani, akaketi kwenye benchi, wote wakamzunguka. Nikaachwa peke yangu mbele ya kioo nikisikiliza vita kwa nyuma.

"Anza na malkia, matabibu nyuma yake."

"Malkia siku hizi ana bafu."

Nikauliza, kwa sababu bafu kwangu ni jambo linaloniuma na nitalifikia. Nikajibiwa bila mtu kugeuka: bafu ni kuongezewa nguvu na wenye mchezo, kinyume chake ni nefu, unapunguzwa makali. Askari akizidi nguvu mpaka inakuwa dhuluma anaitwa OP, na OP dawa yake ni nefu. OP ninayoijua mimi ni operesheni ya JKT, watu wanakimbia na magogo saa kumi usiku. Nikanyamaza.

"Sasa tuma lalo," akasema mwingine. Lalo ni mbwa wa lava wanatangulia, maputo yanafuata. Na yule wa kanzu, mtoto wa watu, kasoma juzuu kadhaa, naye anadai kwa sauti kubwa: "Mngeniachia mimi nitume nguruwe!" Nikageuka na shingo yangu ya kunyolewa. Wanasema hogi, mtu kapanda nguruwe, wanaruka ukuta moja kwa moja hadi kwenye mizinga. Nikamuuliza ustadhi wake anajua? Akasema ustadhi yuko TH12.

Wakashinda. Nyota tatu, mji mzima chini, makofi, kinyozi anakumbatiwa, wote wanaandika GG, yaani mchezo mzuri. Akarudi kwangu anatokwa jasho, kaniomba radhi mara mbili, kashika mashine, kawasha. Ikaunguruma kidogo ikafa. Feni nayo ikasimama.

LUKU imeisha.

Hakuna tatizo, akasema, ananunua sasa hivi. Akanunua kweli, namba zake ishirini zikaja. Lakini mita iko chumbani kwa mwenye nyumba, na mwenye nyumba kafunga kwenda arusini Bagamoyo. Nikauliza mashine ya chaji. Ipo. Chaji ndiyo haipo. "Mzee wangu, njoo kesho asubuhi nakumalizia bure." Nimerudi nyumbani nimevaa kofia ya kuazima hadi masikioni, na nilipofika nikasema basi ngoja nipige shambulizi langu niondoe aibu. Ujumbe ukanipokea: ndugu mteja, kifurushi chako kimekwisha.

Ndiyo asubuhi nimepata bando la kukopa, nafungua nakuta hukumu. AFK! Herufi hizo maana yake mtu kaondoka kwenye kibodi. Kibodi gani? Mimi nilikuwa kwenye kiti cha naibu kiongozi! Shingo yangu iko kwenye kitambaa chake, bando langu liko kwenye nyota zake tatu, halafu yeye huyo huyo kwa kidole chake kaniandikia sipo! Na kick ni kufukuzwa, hiyo sikuhitaji kutafsiriwa, mlango ulipofungwa nilisikia. Sasa nywele nimalizie wapi? Kwake siendi, nina msimamo. Kinyozi wa pili amenitazama akasema kazi ya mwenzake haigusi. Mke wangu anasema nikae upande wa ukutani kwenye kikao, wanione wa kushoto.

Niliambiwa mchezo ni wa bure, mimi ni F2P, yaani wa kucheza bila kulipa. Mwenye kununua ushindi ni P2W. Aliyenunulia wenzake bando hana herufi.

Na unafiki wake pia. Kabla ya mapigano wanaandikiana GL HF, wanatakiana bahati na raha. Halafu mtu huyo huyo anakuteketezea mji. GG yenyewe ina adabu zake, na watoto wetu wameiharibu. Korea Kusini, kwenye StarCraft, mchezo wa 1998, anayezidiwa ndiye huandika GG mwenyewe, anakubali, anatoka uwanjani kiungwana. Hapa kwetu unaandikiwa GG hata hujaanza, na mbele yake wanaongeza EZ, yaani ulikuwa mteremko. Wakorea hao hao wanapimwa kwa APM, vitendo kwa dakika, na mabingwa wao wanapita 300. Mimi kwa dakika moja natafuta miwani.

Shemeji yangu ana nafuu ya herufi, mwanawe anacheza Age of Empires II, ule wa 1999, na kule wanatumia namba. Ukibonyeza 4 umeomba mbao, 5 dhahabu, 14 unasema anzeni mchezo jamani, na 11 ni kicheko. Mtoto yuko chuo Dodoma, kamtumia baba yake "11" kwenye simu. Shemeji akamtumia elfu kumi na moja. Mtoto akacheka tena.

Kitu kimoja tu nitakikumbuka huko klanini, nacho ni fundi. Fundi wa mchezoni anachukua malipo yote kabla hajashika nyundo, sawa na wa kwetu. Lakini anakwambia siku tatu, na siku tatu zikiisha jengo limesimama. Hakuombi hela ya chai. Haendi kumzika bibi ambaye mlishamzika naye mwaka juzi. Sasa fundi wangu wa bafu, bafu la maji na siyo la malkia, alichukua hela ya vigae kabla ya Pasaka, kavunja ukuta wa zamani, kaenda Mbagala kupaua nyumba ya mtu mwingine. Familia inaoga nyuma ya turubai. Nikimpigia, "mzee niko njiani". Njia gani hiyo isiyo na mwisho, anatembea kwa magoti? Jana kabadilisha, eti sasa anasubiri mchanga.

Mchanga upo! Nilishusha lori zima, uko nje hapo mbele ya geti, mke wangu shahidi. Ulikuwa unafika dirishani, sasa umefika magotini, na mvua haijanyesha. Kuku wa mtaa hawawezi kula mchanga kiasi hicho. Na yule jirani wa ghorofa, nasikia juzi kaanza kuchimba choo. Mimi simtaji mtu. Lakini kuna alama za ndara kutoka kwenye lundo langu mpaka kwenye kibaraza chake, na ndara ya kulia imekatika kisigino, na katika mtaa mzima mwenye ndara iliyokatika kisigino namjua, maana mchango wake wa msiba nao anatoa nusu.