Pantoni isiyonguruma

Mama akinipigia asubuhi, mara nyingi yuko kwenye foleni ya pantoni pale Magogoni, Dar es Salaam, anasubiri kuvuka kurudi Kigamboni. Nasikia kila kitu: wapiga debe, mtu anauza karanga, mtoto wa mwenzake analia, halafu honi, na baada ya honi ule mngurumo unaomeza maneno yote. "Subiri kwanza mwanangu, imeanza." Mimi huku nimesimama sitahani, kazini, nimemwambia mara nyingi tu kwamba na mimi muda huo niko juu ya pantoni. Haamini. Kwake pantoni isiyonguruma ni pantoni iliyozima, na pantoni ikizima pale mkondoni watu huanza kusoma dua.

Mimi ni baharia. Baharia wa kweli, si yule wa vijiweni. Mwaka wa tisa huu nafanya kazi kwenye vivuko vya magharibi mwa Norway, nchi ambayo bahari imeingia ndani ya milima kwa ghuba ndefu nyembamba, wao wanaziita fyodi, hata barabara kuu inafika ukingoni inakatika, inaendelea ng'ambo. Katikati ni kivuko. Kwa hiyo kivuko huku ni kipande cha barabara, kinahesabiwa hivyo hata kwenye bajeti ya serikali. Hilo shikeni, nitalirudia.

Chombo ninachofanyia kazi kinatumia betri. Tukifika gatini, mnara uliopo nchi kavu unashusha plagi kubwa, inajipachika ubavuni, tunachaji wakati magari yanashuka na mengine yanapanda. Dakika chache, plagi inapanda juu, tunaondoka. Abiria wengi hawajui hata kama kuna kitu kimefanyika. Unachosikia ni shakwe na matairi yakigonga mlango wa chuma.

Cha kwanza cha aina hii kwa magari kilikuwa Ampere, kilichoanza kazi mwaka 2015 kati ya Lavik na Oppedal kwenye fyodi ya Sogn. Kinabeba magari 120, kuvuka ni dakika 20, na kilipangiwa safari 34 kwa siku. Tatizo halikuwa chombo. Tatizo lilikuwa vijiji vya pande zote mbili: nyaya zake za umeme zilikuwa nyembamba, ukivuta umeme mwingi kwa mpigo mmoja unazima kijiji kizima. Wakaweka betri nyingine nchi kavu, kila gati na yake, zinajazwa polepole mchana kutwa, kivuko kikija kinachota kwa haraka. Nilipomweleza mama alinielewa kuliko mhandisi yeyote: "Kama pipa langu la maji." Ndiyo mama, kama pipa. Maji yanatoka kidogokidogo usiku, wewe asubuhi unachota ndoo tatu kwa mara moja.

Sasa, ndugu zangu wengi nyumbani wakisikia habari hizi wanasema Wazungu wanajali mazingira, sisi bado tunajali tumbo. Mimi nakataa. Nimefanya kazi na hawa watu, wanajali pesa kama sisi. Kilichobadilisha vivuko vyao ni karatasi ya zabuni. Kabla ya Ampere, mamlaka ya barabara ilitangaza shindano: anayetaka kuhudumia njia ile alete chombo kinachochafua hewa kidogo kuliko vya zamani. Baadaye bunge lao likaitaka serikali iweke sharti la teknolojia isiyotoa moshi, au inayotoa kidogo, kwenye zabuni zote mpya za vivuko pale inapowezekana. Mwenye kampuni akishapata mkataba wa miaka kumi hivi, benki inamkopesha na kiwanda cha meli kinaanza kukata chuma. Kivuko ni kipande cha barabara, kwa hiyo mnunuzi mkuu ni serikali, na mnunuzi alisema anataka nini. Basi.

Msidhani nawasifia tu. Nchi hii inanunua usafi wake kwa fedha za mafuta na gesi inayowauzia wengine wachome, na ukiwaambia hivyo kwenye chai ya saa nne wanatazama dirishani. Betri nazo si malaika. Mwaka 2019 kivuko kimoja, Ytterøyningen, kilishika moto kwenye chumba cha betri, na zimamoto kadhaa wakapelekwa hospitali kwa sababu ya gesi. Mimi mwenyewe Januari moja nimesimama gatini mnara umeganda barafu, plagi haishuki, magari yamejipanga hadi kwenye kona, nahodha akawasha jenereta ya dizeli tukavuka kwa mngurumo kama wa Kigamboni. Nakiri nilifurahi kidogo. Nilinusa nyumbani.

Lakini angalieni Kigamboni yenyewe. Njia fupi, haibadiliki, haizidi dakika kumi, safari tangu alfajiri mpaka usiku, gati mbili tu za kuwekea mitambo, tena katikati ya jiji. Ukimwomba mtu achore njia inayofaa betri, ataichora hii. Likoni ya Mombasa vilevile. Sisemi boti za kwenda Unguja, zile zinakimbia mbali na betri zake zingekuwa nzito mno kwa sasa. Nasema kile kipande cha maji ambacho ukirusha jiwe kwa hasira karibu linafika.

Na umeme usiniambie. Bwawa la Nyerere limejengwa kwa megawati 2,115, treni ya umeme inapanda Dodoma tangu 2024, na ile treni nayo kuna waliosema itakwama porini siku ya kwanza. Umeme unaosukuma treni hauwezi kushindwa na mkondo wa Magogoni. Hofu ya kukatika ni halali, ndiyo maana ya pipa.

Kinachoniuma ni kwamba mjadala wetu wa vivuko haujawahi kufika huko. Tunajadili injini ipi mbovu leo. MV Magogoni, moja ya pantoni za Kigamboni, ilipelekwa Mombasa mwaka 2023 kukarabatiwa, na mjadala ukawa itarudi lini, siyo ikirudi irudi na nini ndani yake. Chombo kikiwa chelezoni, kimefunguliwa mbavu, ndiyo siku ya kuuliza. Kikishafungwa umenunua dizeli kwa miaka mingine kumi na tano.

Halafu kuna jambo ambalo sisi wa huku tunaliona kwa ukaribu. Kila sheria inapokazwa Ulaya, vyombo vya zamani vinatafuta bendera na maji mengine. Sisi tunafurahia bei. Tumesahau MV Skagit? Chombo kile kilikuwa kinabeba watu kwenye maji ya ndani ya jimbo la Washington, Marekani, kikauzwa 2011, na Julai 2012 kikazama karibu na Chumbe. Hakikuzama kwa sababu ya moshi, najua. Lakini anayenunua bila kuuliza kilitengenezwa kwa maji gani hatauliza pia kinachoma nini.

Wakati huohuo sheria zenyewe zinatufikia mlango wa nyuma. Meli kubwa ya mizigo ikitoka Dar kwenda Rotterdam, tangu 2024 nusu ya hewa ukaa ya safari ile inahesabiwa kwenye soko la kaboni la Ulaya, ambako anayetoa moshi hununua vibali vyake, na kuanzia hewa ya mwaka 2026 punguzo la miaka ya mwanzo halipo tena, nusu hiyo inalipiwa yote. Kampuni za meli hazilipi kwa mapenzi, zinaongeza kwenye bei ya kontena. Kwa hiyo mkulima wa parachichi wa Njombe anachangia, fedha inabaki Ulaya. Mpango wa dunia nzima wa kuzitoza meli hewa ukaa, wa shirika la bahari la Umoja wa Mataifa (IMO), ambao ungekuwa na mfuko wake wa kusaidia nchi kama zetu, ulifikishwa kwenye kikao London Oktoba 2025 ukaahirishwa mwaka mzima. Tukiukalia kimya huo, tutaendelea kulipia pantoni za wenzetu.

Wiki iliyopita nilimweleza mama yote haya, pipa, mnara, bwawa, hadi Rotterdam. Alisikiliza, maana siku hiyo foleni ilikuwa ndefu. Mtu wa Kigamboni ana kumbukumbu: mwaka 2012 nauli ilipopanda toka mia moja hadi mia mbili, waziri wa ujenzi wa wakati ule aliwaambia wasioweza kulipa wapige mbizi.

"Sawa mwanangu, haingurumi. Na nauli itabaki mia mbili?"

Nikamwambia mtandao unakatakata.