Siku nilivaa nyungo za mke wangu nikaenda kuvua

Kabla mtu mwingine hajanitumia tena ile video ya mtu anaelea kwa Ziwa Victoria na nyungo miguuni, wacha niseme mwenyewe venye ilienda. Ndio, yule mtu ni mimi. Nyungo ni za mke wangu. Na sikuwa nimelewa, ilikuwa saa mbili asubuhi na tumboni kulikuwa na chai ya maziwa na mandazi mbili, basi.

Chanzo ni binamu yangu anaishi Minnesota kule Marekani. Ile wiki alinipigia simu ya video, nikaona jamaa ameketi juu ya ndoo, kila upande ni nyeupe tupu, ndevu zimeshika barafu, mkononi ako na kafimbo kadogo ka kuvulia ungedhani ni ka mtoto. Nikamuuliza, sa hapo ni wapi, umefukuzwa kazi? Akacheka akageuza simu chini, nikaona kashimo ka duara, na ndani maji meusi tiii. "Omera, niko katikati ya ziwa. Hapa chini yangu kuna futi 20 za maji." Na nyuma yake kuna pikapu imepaki. Juu ya ziwa! Mimi nimezaliwa kando ya ziwa, nimekula ziwa, nimeoshwa na ziwa, na sijawahi kuona mtu anapaki gari juu yake na anarudi kulikuta.

Huyu jamaa akishaanza kufunza mtu hanyamazi. Akaniambia barafu safi ikifika inchi 4 mtu anatembea bila shida, gari inataka mara mbili ya hapo na zaidi. Akaniambia adui si baridi, adui ni theluji nyingi, manake theluji ni kama blanketi, inafunika barafu isishikane vizuri, alafu uzito wake unakandamiza barafu mpaka maji yanapanda kupitia nyufa, unatembea ukidhani uko kwa unga kumbe chini ni uji. Kwa hivyo anatembea na chuma anagonga mbele yake kabla ya kukanyaga, mizigo anaburuta kwa kitu kama karai kubwa, na miguuni anavaa viatu vipana kama raketi za tenisi. Upana unagawanya uzito. Hiyo sentensi ya mwisho ndo iliniponza.

Sa kuja huku kwetu. Hiyo wiki gugumaji, ule mmea wa kuelea juu ya maji, ilikuwa imefunga ufuo wa Dunga hapa Kisumu siku ya nne. Kama hujawahi kuiona ikifunga, ni kama mtu ametandika kapeti ya kijani kutoka mchangani mpaka macho yaishie, na maua ya zambarau juu yake, watalii wanapiga picha na wavuvi wanatukana. Ilitoka Amerika ya Kusini, upande wetu wa ziwa ikaonekana mwanzo wa miaka ya 1990, wakaleta wadudu wa kuikula, ikapungua, ikarudi, inapungua, inarudi, kama mtu anadai deni. Ikifunga, boti haitoki. Boti isipotoka hakuna samaki, si ngege si mbuta, na Jumamosi wakwe wangu walikuwa wanakuja kutoka Mumias.

Na mtu akitoka Mumias kuja Kisumu hajaja kuangalia sura yako, amekuja kula samaki. Sokoni kulikuwa na wale samaki wa China wa kwa boksi, wamekauka na barafu wanaangalia mbele kama wanajeshi. Niwapikie wakwe samaki wa China na ziwa liko hapo nyuma ya nyumba? Heri nihame.

Ijumaa asubuhi nikasimama pale ufuoni nikaangalia ile kijani. Kukawa na yangeyange anatembea juu ya gugumaji pole pole, miguu haizami hata kidogo, anadonoa vitu vyake. Nikafikiria Minnesota. Nikafikiria upana unagawanya uzito. Sikufikiria kwamba yangeyange hafiki hata nusu kilo na mimi niko 86.

Nikarudi nyumbani mke akiwa ameenda soko. Nikachukua nyungo mbili, zile kubwa za kupepeta mtama, nikazifunga kwa gambuti na mipira ya tyubu ya baiskeli. Nikachukua karai la kufulia nikatia ndoo ya rangi ya kuketia, panga ya kukata shimo, mshipi, ndoano, na omena kidogo ya chambo. Simu nikaifunga ndani ya ile pepabagi niliyoficha tangu serikali ipige marufuku 2017. Hapo kwa upande wa matayarisho siwezi kujilaumu.

Ufuoni alikuwa Jaduong' mmoja anashona nyavu chini ya mti, mzee amevua hilo ziwa kabla sijazaliwa. Akaangalia gambuti, akaangalia nyungo, akaangalia karai. "Kijana wangu, unaenda wapi?" Nikamwambia naenda kuvua Jaduong', nitakata shimo pale mbele. Akanyamaza kidogo. "Unajua upepo wa saa hii unaenda wapi?" Nikamwambia Jaduong' mimi natembea kwa miguu, upepo ni wa watu wa tanga. Akarudi kushona. Nimekuja kugundua mzee akirudi kushona hivo si kwamba amekubaliana na wewe.

Hatua kumi za kwanza, haki ya nani, zilikuwa tamu. Kando ya ufuo gugumaji imesongamana, ya zamani na ya sasa, na nyasi zimeota juu yake, unakanyaga inabonyea kama godoro alafu inakurudisha. Lile shina la gugumaji limevimba hapo chini, ukilipasua ndani ni sponji tupu imejaa hewa, sa ukikanyaga mengi pamoja yanalia fss fss kama mtu anatoa upepo kwa tairi. Nilikuwa natembea miguu imepanuka kama bata mjamzito lakini natembea. Watoto wakaanza kushangilia. Nikawapungia mkono.

Hatua ya kumi na kitu hivi ndo nikaanza kujua venye binamu huwa anaumia kwa theluji. Shida si kuzama, shida ni kutoa mguu. Mguu unaingia mpaka goti, ungo unapita chini ya majani, sa ukivuta juu ungo unabeba gugumaji yote ya hapo, mizizi yake mirefu myeusi kama nywele za kusukwa zinaning'inia, konokono, matope, kila kitu. Unavuta mguu wa kulia, wa kushoto unazama zaidi. Unavuta wa kushoto, wa kulia unasema kwaheri. Kwa robo saa nilisonga labda mita tano na jasho linanitoka kama nimelima ekari. Nilikuwa na kijiti cha kupima mbele kama kile chuma cha binamu, na kila mahali nikidunga kinaenda chini chote. Nikaona kijiti ndo kina shida.

Alafu nikaanguka. Nikaanguka kifudifudi kama mtu amesukumwa, na hapo ndo ujue gugumaji si barafu, manake ukitaka kuinuka unaweka mkono chini, na chini hakuna chini. Mkono umeingia mpaka kwapa. Uso uko ndani ya maua. Maji yamefika kifuani yana harufu ya mfereji na mbu wametoka kama nimevunja mzinga wao.

Bahati nzuri nikakumbuka binamu alisema barafu ikivunjika usijaribu kusimama, lala upana, jisukume kama kenge kuelekea ulikotoka. Nikalala upana. Nikajisukuma. Nikafika kwa karai, nikaikalia matako nusu huku miguu imetawanyika na nyungo ziko juu kama setilaiti mbili. Ungo mmoja ukachomoka ukaenda zake. Nikasema sawa, nipumzike hapa alafu nirudi.

Ndo nikasikia sauti kama mtu anararua shuka, rrrraaap, polepole, upande wa nchi kavu. Nikageuka nikaona mstari wa maji kati yangu na ufuo. Mwembamba kama upana wa mlango. Alafu kama wa barabara. Sa kila mvuvi wa Kisumu anajua, mpaka wale watoto walikuwa wanajua, asubuhi upepo unatoka nchi kavu kwenda ziwani, mchana unageuka. Ile kapeti yote niliyolalia ilikuwa imeng'oka na inaondoka na mimi nikiwa juu yake, pole pole, na heshima zote, kama jeneza.

Nilipiga kelele ambayo sitaiandika hapa.

Ufuoni wamama wa samaki wakasimama wote mikono kichwani, uwii, uwii, kumbe mmoja wao anashika simu anarekodi. Jaduong' akainuka akaja mpaka kwa maji, akaweka mikono mdomoni. "Keti hapo hapo! Saa sita upepo utakurudisha!" Nikamwambia Jaduong' leta boti! "Boti imefungiwa na gugumaji! Keti!" Alafu akarudi kushona nyavu. Wale wamama wakangoja kidogo kuona kama nitazama, nilipokosa kuzama wakaenda kunywa chai.

Mita kama mia mbili ndani, hapo nikasikia kitu kinanguruma chini yangu. Grrr. Grrr. Na kando tu ya Dunga kuna mahali panaitwa Hippo Point, na hapakupewa hilo jina kwa sababu ya mbuzi. Nikaacha kupumua. Grrr. Nikaanza kuomba, nikatubu vitu mke wangu hajui mpaka leo. Kumbe ni simu inatetemeka kwa karai. Binamu.

Nikashika video. Akaangalia. "Ndugu, uko shamba? Mbona naona mboga tu?" Nikamweleza hali yote, nikalia kidogo, nikamwambia ziwa limevunjika limeenda na mimi. Nilidhani atashtuka. Akasema, "Ah, hiyo hata huku hutokea. Mwisho wa 2023 kuna ziwa moja hapa Minnesota barafu ilipasuka ikaenda na zaidi ya watu 100, wakaja kuokolewa na boti." Nikamuuliza na hiyo hukuona umuhimu wa kuniambia? Akasema, "Si uliniuliza tu habari ya viatu."

Saa tano, hakuna mahali naenda, nikasema basi nivue. Pale mguu wangu ulipopita kulikuwa tayari na shimo zuri, nikashusha ndoano na omena. Sikungoja hata dakika kumi. Kitu kikavuta mshipi mpaka karai likayumba, nikavuta na nguvu zote za wakwe, na ikatoka kamongo, yule samaki kama nyoka mwenye mapezi kama kamba, urefu wa mkono wangu mzima. Ningejua. Chini ya gugumaji hewa huisha kwa maji, samaki wengi wanakimbia, lakini kamongo anapumua hewa kama mimi na wewe, hiyo ni nyumba yake. Na kama mimi na wewe anaweza kukaa nje ya maji, na ana meno. Kwa saa nzima tulikaa kwa karai moja, mimi upande huu yeye upande ule, tukiangaliana. Aliuma gambuti ya kushoto akaitoboa.

Saa sita na kitu jani la kwanza likageukia upande wa ufuo. Sikuwahi kupenda upepo hivo. Tulirudi polepole mpaka Jaduong' akaweza kuzunguka na mtumbwi mdogo ambao sa ulikuwa umefunguka, akanivuta kwa kola kama paka. Hakuniuliza lolote. Akaangalia kamongo akasema, "Huyu ni mzuri," basi akapiga kasia.

Jumamosi wakwe wakafika. Mama mkwe kwa heshima haongei na mimi moja kwa moja, kwa hivyo alipofunguliwa sufuria akauliza binti yake, kwa sauti ya kufika Ahero, kama hii nyoka iko na kamba ndo samaki tuliokuwa tumewaahidi. Tukachinja kuku. Kamongo nikakula mimi peke yangu siku mbili, tamu ajabu, na kwa kliniki nikaambiwa nirudi kupimwa kichocho kwa sababu ya wale konokono.

Mke wangu hadi leo anapepeta na ungo mmoja, akimaliza anauweka mezani mbele yangu bila kusema kitu. Ule mwingine ulirudi wenyewe Jumanne na gugumaji, gugumaji ndogo ya majani manne imepita katikati yake. Jaduong' aliuokota. Anaufunikia omena zake pale chini ya mti, na nikienda kuuomba ananiambia, "Minnesota, leta kwanza pesa ya mtumbwi."