Dola nne za kwenda Ubin

Anayeishi Singapore na kutamani kuona kuku akivuka njia aende Pulau Ubin. Ni kisiwa cha kilomita za mraba kama 10, kaskazini mashariki ya jiji: nyumba za mbao zilizoezekwa mabati, minazi, midoriani. Umeme wa jiji haujavuka. Wakazi wanatumia jenereta na sola.

Basi namba 2 kutoka stesheni ya Tanah Merah linakushusha Changi Village, gati iko pua na mdomo. Hapo Mswahili hahitaji kuelekezwa: boti haina ratiba, inaondoka ikijaa. Abiria 12, dola 4 za Singapore kila mmoja, taslimu. Mkiwa sita na mna haraka, lipeni 48 mng'oe nanga. Dakika kumi na ushee mko ng'ambo. Chukua pesa ya kutosha Changi, maana kisiwani hakuna ATM.

Bei hiyo ni moja kwa mzawa, kwa mgeni na kwa kibarua wa ujenzi kutoka Bangladesh, na inakaribia bei ya sahani moja ya wali wa kuku. Hilo ndilo ninalolionea wivu. Visiwa vyetu vya Bongoyo na Mbudya ni hifadhi za bahari tangu 1975, na zinaonekana kutoka ufukwe wa Dar, lakini jumlisha boti na kiingilio kwa baba, mama na watoto wanne wa Mbagala uone kama safari ipo.

Baiskeli zinakodishwa palepale kijijini. Usichukue ya kwanza unayopewa. Nyanyua gurudumu la nyuma, lizungushe, bana breki. Likiendelea kuzunguka, irudishe. Njia ya kwenda Chek Jawa, ufukwe wenye mikoko kama kilomita 3 mashariki, ina miteremko mikali, na ukibana breki ya mbele peke yake unarushwa juu ya usukani. Tangulia ya nyuma. Siti nayo ipandishwe mpaka mguu ukaribie kunyooka pedali ikiwa chini, la sivyo magoti yatauma mapema. Chakula kikae ndani ya begi lenye zipu: tumbili wa huko wanaujua mfuko wa plastiki, na nguruwe pori pia.

Chek Jawa bila kutazama jedwali la maji kujaa na kupwa ni safari ya bure. Tafuta siku za bamvua, bahari inapojaa na kupwa sana, maji yanaposhuka hadi mita 0.5 au chini ya hapo. Siku za maji mafu, yanapopwa kidogo tu, utaona bahari tu. Lango linafunguliwa saa mbili na nusu asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni, kwa hiyo bamvua inayopwa alfajiri haikufai. Fika saa nzima kabla ya maji kufika chini kabisa, acha baiskeli nje, tembea kwenye daraja la miguu la zaidi ya kilomita moja. Upande wa bahari zinatokeza nyasi za baharini na viti vya pweza, wale wanyama wenye umbo la nyota. Upande wa pili ni mikoko. Inamisha kichwa uitazame: mkoko wenye mizizi ya matao, mlilana wenye mizizi inayochomoza topeni kama misumari minene. Ni miti ileile ya Rufiji.

Ufukwe huo ulikuwa ufukiwe ili kupata ardhi. Watu wakaja kwa wingi kuuangalia maji yakipwa, wataalamu wakaandika kilichomo, na mwishoni mwa 2001 serikali ikaahirisha mpango. Wangeupigania vipi kama hawakuwa na namna ya kufika? Kwetu Kunduchi, Dar, mikoko imepisha mashamba ya chumvi, na wakazi wengi wa jiji hawajawahi kuiona kwa karibu.

Sisemi Ubin imetushinda kwa kila kitu. Kijiji chao kimebaki na wazee wachache, vijana wamehamia ghorofani. Kwetu pwani bado ina watu: mama anajua bamvua kwa kuutazama mwezi, anashuka na mkuki wake kutafuta pweza, na samaki wa Mbudya anakaangwa mbele yako. Kinachokosekana ni boti ya Jumapili pale Kunduchi, nauli imeandikwa ubaoni, sawa kwa kila Mtanzania, inayoondoka ikijaa.