Kwikwi, muwasho na miguu kulegea: steroidi ianze lini?

Kwikwi isiyokatika kwa zaidi ya saa 48, pamoja na kichefuchefu au kutapika, ni rahisi kuishia na dawa za vidonda vya tumbo katika zahanati ya Mbagala au Tandale. Nyumbani nako hakukosi wa kusema ni jini. Lakini kwa mtu ambaye omeprazoli haijamsaidia, hasa mwanamke wa umri wa kati, inaweza kuwa dalili ya kwanza ya nyuromayelaitisi optika (NMO), ambapo kinga ya mwili hushambulia neva za macho na uti wa mgongo. Kingamwili yake, iliyotambuliwa mwaka 2004, hulenga akwaporini-4, protini inayopitisha maji kwenye seli. Protini hiyo imejaa pia katika sehemu ya shina la ubongo inayoamsha kutapika, na ikishambuliwa hapo tumbo hulaumiwa bure.

Dalili nyingine hupotosha vilevile: muwasho mkali wa shingo au mgongo usio na upele, kubanwa kifua kama kwa mkanda, au mguu kukakamaa kwa maumivu kwa sekunde kadhaa, mgonjwa akiwa na fahamu zake zote, na watu wakadhani ni kifafa. Kumchunguza hakuhitaji mashine. Pitisha kitu cha baridi kutoka kifuani kushuka tumboni, kisha mgongoni. Akisema baridi inapotea kuanzia usawa fulani, na mkojo umeanza kugoma, huyo apewe rufaa leo, si wiki ijayo.

Ubishi huanza akishalazwa. Wapo wanaotaka methiliprednisoloni, steroidi ya kutuliza kinga ya mwili, ianze mara moja kwa dripu, gramu 1 kwa siku, siku 3 hadi 5, kwa kuwa kila shambulio la NMO linaweza kuacha ulemavu wa kudumu. Wengine wanakumbusha kwamba hapa kwetu mgongo una maadui wengi: TB ya pingili, kichocho, kaswende, VVU, uvimbe unaokandamiza. Steroidi inaweza kumpa mgonjwa wa TB nafuu ya siku chache huku vijidudu vikisambaa. Limfoma, aina ya saratani, husinyaa kwa muda, na kinyama kikichukuliwa baadaye kupimwa hakionyeshi kitu. Halafu kuna minyoo ya strongiloidi, iliyokaa kimya utumbuni miaka mingi, ambayo steroidi huweza kuifungulia mwili mzima hadi kifo.

Tahadhari hiyo ni ya kweli, ila kwa maoni yetu inamlaumu asiyehusika. Kichocho cha uti wa mgongo chenyewe hutibiwa kwa steroidi pamoja na prazikwanteli, na homa ya uti wa mgongo ya TB hupewa steroidi juu ya dawa za TB. Hatari ni steroidi kwenda peke yake, wiki baada ya wiki, ugonjwa ukiwa haujulikani.

Kitu cha kusubiri kabla ya dripu ni picha ya MRI ya mgongo mzima, maana uti uliokandamizwa unaweza kuhitaji upasuaji. Madhara ndani ya uti yanayoenea urefu wa pingili 3 au zaidi mfululizo huelekeza kwenye NMO, ingawa hayathibitishi. Baada ya picha, maji ya mgongo yatolewe siku hiyohiyo. Majibu ya akwaporini-4 yasisubiriwe, lakini damu yake itolewe kabla ya matibabu, seramu, yaani majimaji yake, itenganishwe na kugandishwa. Familia ikipata fedha ya kipimo wiki mbili baadaye, sampuli ya siku ya kwanza itakuwepo. Ivermektini, mikrogramu 200 kwa kila kilo ya uzito, ni kinga ya bei nafuu dhidi ya strongiloidi. Gramu ile ya methiliprednisoloni ipite kwa saa 1 au zaidi, kwani ikisukumwa haraka huweza kuvuruga mapigo ya moyo. Sukari na presha zipimwe kila siku.

Nafuu isipoonekana, kubadilisha plazma, yaani kuondoa majimaji ya damu yenye kingamwili na kuweka mengine, kusicheleweshwe. Kwa kawaida ni mizunguko 5 hadi 7. NMO ikithibitishwa, interferoni zinazotumika kwa maltipo sklerosisi, ugonjwa mwingine wa kinga kushambulia neva, ziepukwe, maana huweza kuizidisha. Azathioprini, dawa ya kupunguza nguvu ya kinga, miligramu 2 hadi 3 kwa kilo kwa siku, huchukua miezi kufanya kazi, kwa hiyo prednisoloni, steroidi ya vidonge, iendelee na ipunguzwe polepole. Mgonjwa aambiwe hili kabla hajaruhusiwa, kwa sababu uso ukianza kuvimba kutokana na steroidi atashawishika kuacha vidonge mwenyewe, na shambulio linalofuata linaweza kuanzia machoni.